Samaki wa Kinyozi na Saluti Zake

Fundi hakuwa mtu wa kumwambia mteja ukweli, na sidhani kama kuna kinyozi yeyote anayeishi mjini kwa kusema ukweli. Mtu anakaa kitini na kichwa chenye nundu kama kiazi, unamnyoa unavyoweza, kisha anakuuliza, "Imekaa vipi?" Utamjibu nini? Utamwambia tatizo si nywele? Fundi alikuwa anarudi nyuma hatua moja, anafinya jicho, anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Hapo sasa mkeo akikufungulia mlango atauliza mgeni anamtafuta nani." Mteja anatoka kifua mbele, na baada ya wiki mbili amerudi. Kwa miaka na miaka Fundi aliwavisha wanaume wa mtaa ule vilemba vya ukoka, nao wakamshukuru kwa hilo.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo uliopasuka pembeni ukafungwa kwa utepe wa gundi. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, benchi la kungojea ambalo wengi walilikalia bila hata nia ya kunyolewa, kioo kikubwa ukutani, na rafu ya mashine, brashi, poda na spiriti. Upande wa pili wa ukuta wa mbao mkewe alikuwa na cherehani yake. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, hivyo kila sifa aliyoimwaga Fundi huku ilifika kule nzima nzima. Mara nyingine cherehani ilinyamaza ghafla na sauti ikapenya mbaoni: "Baba watoto, mwogope Mungu!" Wateja walicheka wakidhani ni mzaha.

Mambo yalianza pale kinyozi mwingine, ng'ambo ya barabara, alipofunga televisheni ukutani kwake. Benchi la Fundi likaanza kupwaya. Watu wale wale waliokuwa wakimaliza asubuhi nzima kwake wakipiga soga, sasa walipita na kumpungia mkono tu, wakiwahi mpira. Fundi akanuna siku kadhaa, kisha akaenda kwa mwanamke anayeuza samaki wa mapambo jirani na duka la dawa, akarudi amekumbatia tangi dogo la kioo, anatembea kwa kunyata maji yasimwagike.

"Hicho nini?" mkewe akauliza mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Samaki. Anaitwa beta."

"Mmoja?"

"Huyu hukaa peke yake. Ukimwekea dume mwenzake wanauana."

Mkewe akainama akamtazama. Alikuwa samaki mdogo, hazidi kidole, buluu iliyokolea, na mapezi mekundu marefu yaliyomburuta nyuma kama gauni la bibi harusi. "Amevaa vizuri," akasema, na yeye ndiye aliyejua mavazi. "Lakini televisheni hawezi kuishinda."

Tangi lilikuja likiwa limeshapandwa: nyasi fupi za majini mbele, mmea wa majani mapana uliofungwa kwa uzi kwenye kipande cha mzizi, na vijani vidogo vilivyoelea juu vikiteremsha mizizi yake majini. Jani moja pana lilikuwa karibu na uso wa maji, na samaki akalifanya kitanda chake. Alilala pale, akachoka kulala, akainuka kidogo kuvuta hewa juu, akarudi kulala. Muuza samaki alikuwa ameeleza kila kitu. Maji ya bomba yalazwe kwanza kwenye ndoo ili dawa itoke. Yasibadilishwe yote kwa mpigo. Chakula ni vipunje vichache asubuhi na vichache jioni, maana tumbo la samaki yule halizidi jicho lake. Na akipata viluwiluwi vya mbu, atafurahi. "Ila kioo usimwekee," alisema. "Akijiona anadhani ni dume jingine limeingia kwake. Mara moja moja si neno, inamchangamsha. Ukizidisha utamuua." Fundi aliitikia yote kwa kichwa, jinsi wateja wake wanavyoitikia wakiambiwa wasikune kidevu wakishanyolewa. Kisha akaliweka tangi kwenye kibao kilichokuwa upande wa kulia wa kiti, usawa wa bega la mteja, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine.

Aliyekaa kitini siku hiyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenye nywele chache alizozipenda kupita kiasi. Fundi alipomaliza alitwaa kioo cha mkono amwonyeshe kisogo, akakizungusha kushoto, akakizungusha kulia. Kilipopita mbele ya tangi, samaki alichomoka kwenye jani lake, akatanua mapezi yote, mashavu yakafunguka, akasimama kifua mbele kumwelekea mwalimu. Hivyo ndivyo ilivyoonekana kutoka kitini. Ukweli ni kwamba alikuwa anamtukana samaki wa kwenye kioo.

"Ana nini huyu?" mwalimu akashtuka.

Fundi alijua jibu. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea yake. "Anakupigia saluti, mwalimu. Tangu nimlete hajampigia mtu. Samaki hawa wanamtambua mwenye uongozi ndani yake."

Cherehani ikanyamaza. "Baba watoto!"

Mwalimu wala hakusikia. Alikuwa amekaa wima anajitazama, na kabla ya wiki kwisha alirudi tena kunyolewa nywele ambazo zilikuwa bado hazijaota.

Habari ikaenea mtaani. Televisheni ina mambo mengi, lakini haimpigii mtu saluti. Benchi likajaa mpaka wengine wakasimama mlangoni, na Fundi akagundua kwamba ana madaraka ambayo hata afisa mkubwa hana. Mteja mwema alizungushiwa kioo kushoto na kulia. Mteja aliyemkera alizungushiwa kushoto tu, akaondoka kichwa chini, watu wakimpisha kama mtu aliyetoka kupewa majibu mabaya hospitalini. Fundi bomba mmoja hakuongea na shemeji yake mwezi mzima kwa sababu shemeji alipigiwa saluti na yeye hakupigiwa. Karani wa benki aliitaja saluti yake kwenye usaili wa kupandishwa cheo, na nasikia wakuu walinukuu.

Na aliyepigiwa saluti asingeweza kuondoka hivi hivi. Alishukuru. Huyu alidondosha kombo la mkate, yule kipande cha biskuti, mwingine karanga aliyoitafuna kwanza ili samaki asipate taabu. Fundi angesema nini? Kumwambia mteja "hapana" ulikuwa ufundi ambao hakuwahi kujifunza. Aliyachota makombo kwa kijiko wakishatoka, yale aliyoyawahi. Nyuma ya saluni aliweka ndoo ya kuzalishia viluwiluwi.

"Kwa hiyo tunafuga mbu watuume sisi, samaki wako ashibe?" mkewe aliuliza, na bado akaishonea ndoo kifuniko cha chandarua.

Lakini usidhani Fundi alimtumia tu yule samaki. Alimpenda, na hapo ndipo shida ilipoanza. Asubuhi kabla ya kufungua mlango alivuta kigoda, akachovya kidole, na samaki akaja taratibu mpaka kwenye ncha kupokea kipunje chake. Wakati huo Fundi hakusema neno. Nadhani ndio wakati pekee wa siku nzima ambao hakuwa anamsifia mtu, na alitoka pale amepumzika kuliko alivyotoka kitandani.

Ndipo akaja Mheshimiwa Mtarajiwa. Watu walimwita hivyo kwa sababu alikuwa anagombea kiti, hajakipata, lakini alishaanza kutembea kama aliyekwishakikalia. Fundi alimzungushia kioo kulia mara nyingi kuliko mteja yeyote. Jioni yake mgombea alisimama jukwaani akatangaza kwamba hata samaki wanamuunga mkono. Watu walicheka, yeye hakuwa anatania. Kesho yake msaidizi wake akaleta ujumbe: Jumamosi Mheshimiwa atakuja kunyolewa akiwa na mpiga picha, na picha ya saluti ndiyo itakayobandikwa mji mzima.

"Bila shaka," Fundi akasema. Ndilo jibu alilokuwa nalo.

Katikati ya wiki hiyo samaki hakuja kidoleni. Alilala kwenye jani lake, tumbo limevimba, mapezi yamechanika pembeni kama nguo iliyonaswa na msumari. Fundi alikimbia kumwita muuza samaki, naye akaja, akapiga magoti mbele ya tangi, akamkagua.

"Umemshibisha na umemchosha," akasema. "Asile kitu siku kadhaa. Na kioo asikione kabisa. Akipandwa na hasira tena, mimi sikuhakikishii."

"Hata mara moja, dada? Jumamosi tu. Kuna mtu mkubwa anakuja."

"Huyo mtu mkubwa hana askari wa kumpigia saluti?"

Alipotoka, mkewe Fundi akaingia na mkasi wake mkononi. "Mhamishie nyumbani leo leo."

"Nitamwambia nini Mheshimiwa?"

"Mwambie ukweli."

"Ukweli!" Fundi akasema, kana kwamba ameambiwa anyoe watu kwa meno.

Basi akabaki katikati, maji ya shingo. Akimpa mgombea saluti yake, samaki anakufa. Akimnyima, benchi linahama, na pengine huyo bwana akishinda atalikumbuka jina lake kwa ubaya. Hakuamua. Alilifunika tangi kwa shuka la kunyolea na kuomba mvua kubwa inyeshe Jumamosi. Jumamosi kukawa na jua kali.

Walikuja wengi, wakajaza chumba. Benchi lilikuwa limeshajaa tangu asubuhi, mwalimu mstaafu na karani wa benki wakiwa mbele. Mgombea akakaa. Fundi akaanza upande wa kushoto, polepole kuliko alivyowahi kunyoa maishani, akausafisha mpaka ukang'aa.

"Mbona mwenzetu amefunikwa?" mgombea akauliza.

"Amepumzika, mheshimiwa."

"Wakati wa kampeni hakuna kupumzika!" Watu wakacheka, na msaidizi akalivuta shuka.

Samaki alikuwa juu ya jani lake. Mpiga picha akainama, akapima mwanga, akasema, "Fundi, kioo."

Fundi alikiacha kioo msumarini. "Mheshimiwa, samaki anaumwa. Tena si saluti." Sauti yake ilitoka ngeni, hata mwenyewe aliisikia. "Ni kioo. Akijiona kwenye kioo anadhani ni adui. Hajawahi kumpigia mtu saluti hata siku moja. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Safari hii ukuta haukumkemea. Kisha mwalimu mstaafu akakohoa.

"Wengine nakubali, fundi," akasema kwa upole. "Mambo ya wengine nilikuwa na wasiwasi nayo muda mrefu. Lakini siku yangu mimi, kioo kilikuwa upande wa pili kabisa."

"Hata mimi," karani wa benki akadakia. "Kwangu alianza kabla hujakigusa."

"Na mimi alinifuata mpaka mlangoni kwa macho!" akasema mtu wa nyuma.

Mgombea akacheka, akampiga Fundi kofi la kirafiki mkononi. "Unaona? Unamwonea wivu samaki wako." Akatoa mkono chini ya shuka alilofungiwa shingoni, akakitwaa mwenyewe kioo cha mkono msumarini, akakibandika kwenye tangi.

Samaki akainuka. Alijitahidi. Pezi moja likatanuka, jingine likagoma. Mashavu yakafunguka nusu. Akaenda kugonga kioo kwa mdomo, akalala ubavu, akajiinua, akagonga tena. Kamera ikalia, benchi likapiga makofi. Fundi akayasikia yale makofi na aibu ikampanda mwili mzima. Alikuwa amemchukua kiumbe asiye na makosa, akampigisha vita kila siku na adui asiyechoka, ili wanaume wazima wapende visogo vyao.

Akazima mashine. "Shusha kioo."

"Moja ya mwisho."

"Mheshimiwa, nimenyoa upande mmoja. Wa pili bado. Shusha kioo au utoke hivyo hivyo."

Watu wote wakakitazama kichwa cha mgombea, na yeye mwenyewe akakitazama kwenye kioo kikubwa. Kushoto uwanja, kulia msitu. Akashusha kioo haraka sana. Lakini Fundi hakurudi kazini. Alilikumbatia tangi kwa mikono miwili, maji yakimmwagikia viatuni, akawapita wote na kutoka.

"Na kichwa changu?" mgombea akapiga kelele.

"Ng'ambo kuna televisheni!" sauti ikajibu kutoka ukutani.

Nyumbani waliliweka tangi chumbani, kwenye meza ya pembeni ya kitanda, na mkewe akakifunika kioo cha kabati kwa shuka kabla Fundi hajamwambia. Jumapili nzima samaki hakusogea. Walimnyima chakula kama walivyoagizwa, na kumnyima chakula mtu unayempenda ni kazi ngumu. Fundi alizunguka chumba kile mpaka mkewe akamfukuza.

Jumatatu mtaa ulikuwa na habari mpya. Saluti haikukamilika, wakasema. Samaki ameuona moyo wa mgombea na kumkataa. Ndiyo maana kabla ya mchana mpinzani wake alikuwa mlangoni kwa Fundi, anatabasamu mpaka ufizi, amekuja na mpiga picha wake.

"Nasikia samaki wako anawajua watu," akasema. "Yuko wapi nimsalimie?"

Fundi akafikiri upesi. Akisema kioo, hawatamwamini, alishajaribu. Akisema nyumbani, watamfuata nyumbani. "Amekufa," akasema.

Neno lilipotoka lilimtisha mwenyewe. Vipi kama amemwitia mauti kwa mdomo wake? Akafunga saluni mchana kweupe, akakimbia mpaka nyumbani, akaingia chumbani na viatu. Samaki alikuwa kwenye jani lake. Akainuka kidogo, akavuta hewa, akarudi kulala. Fundi akakaa kitandani na machozi yakamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

Msiba ukapokelewa kwa heshima zote. Mheshimiwa Mtarajiwa, amevaa kofia, alituma rambirambi na kusema marehemu alimuunga mkono mpaka pumzi ya mwisho. Mpinzani akasema marehemu alihamia upande wake siku ile ya Jumamosi, na picha ipo. Kwenye benchi, mwalimu mstaafu aliwasimamisha watu dakika moja ya ukimya. Walisimama kweli, na Fundi akasimama nao, mashine mkononi.

Tumbo la marehemu likanywea siku baada ya siku. Akaanza kula kipunje kimoja, kisha viwili. Mapezi yakaota upya, pembeni yakiwa meupe kama uzi. Ndipo asubuhi moja mkewe Fundi akamwita kwa sauti ya hofu: maji yamefanya povu. Chini ya vijani vinavyoelea kulikuwa na rundo la vipovu vidogo vidogo vilivyoshikamana, na samaki anazunguka hapo chini akitema vingine. Fundi alitoka mbio na fulana ya ndani mpaka kwa muuza samaki.

"Anatoa povu mdomoni. Anakufa, dada?"

"Vipovu vimekaa pamoja, juu, kwenye mimea?"

"Ndiyo."

Muuza samaki akacheka, na Fundi hakuwahi kumwona akicheka. "Anajenga kiota. Dume lao likiwa zima na limetulia hujenga."

"Anamjengea nani? Hana mke."

"Hana. Anajenga tu."

Fundi akarudi nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kando ya mkewe. Wakamtazama samaki akipanda juu kuchukua hewa, akishuka na kipovu kimoja, akikipachika mahali pake, akirudi kuchukua kingine. Ilikuwa habari nzuri kuliko zote Fundi alizowahi kuwa nazo, na yeye ni mtu ambaye habari hulala kwake usiku mmoja tu. Njia nzima ya kwenda kazini mdomo ulikuwa unamwasha.

Benchini walikuwepo watu wawili, na wote walikuwa wanazungumzia mpira walioutazama ng'ambo. Mwalimu mstaafu alikuwa wa kwanza kukaa kitini. Akakitazama kile kibao kitupu upande wa kulia, akashusha pumzi.

"Marehemu yule," akasema, "sijui kwa wengine, lakini mimi alinipenda kweli. Au unasemaje, fundi?"

Fundi akakung'uta brashi, akafungua mdomo, akaona akilini kale kachumba, mlango umefungwa, na samaki anajenga bila mtu kumpigia makofi.

"Alikupenda sana, mwalimu," akasema, akamwinamisha kichwa kidogo, akawasha mashine.